Muvi inaanza na mwisho, mbona bado inashika?

Wakuu habari, juzi nimecheki muvi moja dakika ya kwanza tu steringi kashakufa, yuko chini, ndo wanarudi nyuma kuanza kusimulia. Nikasema basi hapa hakuna kitu mwisho nishaujua, lakini nikajikuta nimekaa mpaka majina yanapita. Inakuwaje? Na mbona zingine wakifanya hivyohivyo zinaboa kabisa? Najaribu kuandika skripti fupi inayoanza na mazishi, nataka nielewe vizuri.

Jibu 1
Mkuu kilichotokea ni kitu kimoja na mpangilio wa kukisimulia ni kingine. Ukinionyesha mtu kafa umeniondolea swali la atapona au hatapona, ila umeniachia kafaje na alikuwa mtu gani. Cheki Citizen Kane ya 1941, mzee anakufa mwanzoni kabisa akitaja neno moja, Rosebud, halafu mwandishi wa habari anazunguka kwa waliomfahamu kila mmoja anatoa kipande chake, na mwandishi mwenyewe hapati jibu mpaka mwisho, analipata mtazamaji peke yake. Swali hilo moja limebeba karibu saa 2 nzima.

Jibu 2
Naongezea. Hitchcock, yule mwongozaji wa muvi za taharuki, alimpa mwongozaji mwenzake Truffaut mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanapiga stori tu bomu likalipuka, umeshtuka sekunde 15 basi. Ila kama wewe mtazamaji umeliona likitegwa na saa iko ukutani, maongezi yaleyale ya kawaida yanakutesa dakika 15, unatamani uwapigie kelele watoke. Kwahiyo kujua mapema hakuui utamu, angalia nani anajua nini na anakijua saa ngapi.

Muuliza swali
Aisee. Na zile za kinyumenyume kama Memento?

Jibu 3
Hiyo ya 2000 sini za rangi zinaenda kinyumenyume, zisizo na rangi zinaenda mbele, zinakuja kukutana mwishoni. Sio mbwembwe, jamaa hawezi kutunza kumbukumbu mpya, kwahiyo na wewe kila sini unaingia hujui kilichotangulia, umepotea kama yeye. Zinazoboa ni zile ambazo ukizinyoosha hazipungukiwi kitu. Na kisengerenyuma, yaani kule kurudi nyuma kusimulia ya zamani, kinachoniudhi kuliko vyote ni adui kafika mlangoni, roho inadunda, ghafla tunapelekwa utotoni dakika 5 kuelezwa baba yake alikuwa mkali, yaani taharuki yote mmeimwaga wenyewe!

Jibu 2
Mleta mada, hayo mazishi yako, mtazamaji anajua nani yuko kwenye jeneza?

Muuliza swali
Anajua, picha ya marehemu iko pale juu kabisa.

Jibu 2
Jaribu kuitoa hiyo picha. Tukirudi nyuma tukakutana na ndugu watatu wanacheka pamoja, kila mmoja nitamwangalia kwa hofu.

Muuliza swali
Duh. Na kweli ni ndugu watatu. Naiandika upya leo leo.