Mshauri wangu wa masomo anatia sahihi tu. Nimuulize nini?

NyarNam_Kondele
Hamjambo wenzangu. Niko mwaka wa pili hapa Kisumu, ualimu wa sanaa, Kiswahili na Historia. Tulipojiunga na chuo kila mmoja alipewa mhadhiri wa kumshauri. Wangu nimemwona mara tatu. "Umesajili yuniti ngapi? Saba? Haya." Anatia sahihi, natoka.

Wiki ijayo usajili unafunguliwa tena na nina mambo mawili. Alama za yuniti moja ya Historia hazionekani kwenye mtandao wa chuo tangu muhula uliopita, na mtihani niliufanya. Pili, isimu, yaani uchambuzi wa lugha yenyewe, inanitoa jasho, nataka nichukue fasihi tu. Haya ni ya kumpelekea, au nitaonekana msumbufu? Kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo. Mama anauza omena Kibuye, nikimuuliza atasema, "Fanya vile mwalimu amesema."

Mulembe_Daima
Mimi nilimaliza miaka minne simjui mshauri wangu hata kwa sura. Waulize makomredi wa mwaka wa nne, wao ndio wenye majibu.

Mwalimu_wa_Bahati
Mulembe, ndugu yangu, makomredi hao hao ndio walionichelewesha mwaka mzima.

Dada, nisikilize. Niko Nakuru, nafundisha Kiswahili sekondari. Nikiwa mwaka wa pili niliambiwa hosteli, kwenye foleni ya chapati, kwamba yuniti fulani ya mbinu za kufundisha "huchukuliwa wakati wowote". Nikaiahirisha. Kumbe kwetu ilifunguliwa muhula mmoja tu kwa mwaka, na bila hiyo huendi mazoezi ya kufundisha. Wenzangu waliondoka na tai zao shingoni, mimi nikabaki hosteli na panya.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mshauri. Hakunigombeza. Alitoa kijitabu cha programu yetu, akachukua penseli, akachora mishale kutoka yuniti hadi yuniti: hii hufungua hii, hii hufungua ile. Dakika kumi hivi. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, na ningeipata mwaka wa kwanza kama ningeiomba. Kwa hiyo wewe iombe.

Sasa isimu. TSC, tume ya serikali ya kusajili na kuajiri walimu, haisajili mapenzi yako, inahesabu yuniti: angalau nane katika kila somo la kufundishia, pamoja na C+ ya somo hilo katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Muulize mshauri hivi: "Isimu hii ni ya lazima au ya hiari? Nikiiacha, nitamaliza na yuniti ngapi za Kiswahili?" Swali la namna hiyo hawezi kulijibu kwa sahihi. Na nikuambie mapema, kidato cha pili hawatakuuliza kama unapenda isimu. Watakuuliza kwa nini tunasema "kiongozi amefika" na si "kimefika", na wanakutazama darasa zima.

Alama zilizopotea hazikai kwa mshauri, ziko idarani. Yeye atakuonyesha mlango wa kubisha. Andika barua kwa mwenyekiti wa idara: namba yako ya usajili, msimbo wa yuniti, tarehe ya mtihani, nakala ya kadi ya mtihani. Mwombe mshauri aisome kwanza. Ukiipeleka, nakala yako igongwe muhuri, maana barua isiyo na muhuri haijawahi kufika popote nchi hii.

Na usiende wiki ya usajili! Wiki hiyo foleni inafika kwenye ngazi na mhadhiri ni mashine ya sahihi, usimlaumu. Nenda wiki hii.

Mama_Wawili
Mimi ndiye ninayekaa upande wa pili wa meza hiyo, chuo kingine. Wanafunzi wa kushauri ninao wengi kuliko viti vya ofisini, kwa hiyo, mwanangu, usiudhike nikisahau jina lako. Litaje, na mwaka, na kozi. Akija mtu ameshika karatasi ya alama zake, naweka simu chini. Akija na "Daktari, naomba unisaidie" peke yake, robo saa inaisha nikitafuta shida iko wapi.

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na vyumba, hapo sina nguvu. Lakini niambie tu kama hali ya nyumbani imekuwa mbaya, kwa sababu yuniti saba kwa mtu anayelala njaa ni nyingi, na kuna njia ya kupunguza kabla hujaanguka mtihani.

NyarNam_Kondele
Nimerudi. Nilimwandikia, akajibu, "Alhamisi saa nane, njoo na karatasi zako." Isimu ni ya lazima, basi, nimeinamisha kichwa. Mishale nimechorewa, kwa kalamu nyekundu.

Alama nazo... Aliisoma barua yangu, akanyamaza, akauliza, "Hii ni moja au saba?" Tarakimu ya mwisho ya namba yangu ya usajili. Ni moja. Ninaiandika na kikofia kirefu, tangu shule ya msingi. Tukaenda idarani pamoja, likatolewa bunda la Historia, na alama zangu zilikuwa zimelala kwa mtu wa saba. Sitini na nne.

Mulembe_Daima
Huyo wa saba amesemaje?