Cubarsí na mabeki wanaopanda wa Flick: mfumo unamjenga au unamuumiza?

Mwalimu_Pasua:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha vijana chini ya miaka 17 hapa Pasua, Moshi. Nina beki wa kati ambaye kila nikimwona namkumbuka Pau Cubarsí, beki wa kati kijana wa Barcelona: pasi anazo, utulivu anao, mbio hana. Cubarsí nampenda tangu ile mechi ya Napoli, Machi 2024. Miaka 17, na alimkaba Osimhen, straika wa Napoli, bila papara hata kidogo.

Sasa Flick, kocha wa Barcelona, anapandisha mabeki mpaka karibu na mstari wa kati, nyuma yao ni uwanja mtupu. Kule Lisbon na Benfica, Machi 2025, dakika ya 22 tu, straika wao Pavlidis kamtoka, dogo ni mtu wa mwisho, akamwangusha, kadi nyekundu. Barcelona walishinda 1-0 pungufu, lakini mimi iliniuma. Beki wa aina ile anawekwaje kukimbizana na mastraika?

Namba5_Mstaafu:
Mwalimu, shikamoo. Tazama mbele kabla hujatazama nyuma. Mabeki wa Barcelona wanapanda kwa sababu Raphinha na washambuliaji wenzake wanamsumbua mwenye mpira. Mpigaji akibanwa hana nafasi ya kuinua kichwa, na hapo Cubarsí anahitaji hatua moja tu ya kupanda. Oktoba 2024 pale Bernabéu, nyumbani kwa Real Madrid, straika wao Mbappé aliotea mara nane, Barcelona wakashinda 4-0. Mbio za Mbappé tunazijua, na hazikumsaidia. Lakini mpigaji akiachwa huru hata sekunde mbili, ukimweka pale beki mwenye mbio kuliko wote bado atateseka.

Halafu kuna sauti. Beki mkongwe Iñigo Martínez ndiye aliyekuwa akiwapanga wenzake, lini wapande, lini warudi. Agosti 2025 akaenda Al Nassr ya Saudi Arabia. Kijana aliyezoea kuongozwa sasa anatakiwa aongoze, na kwangu hilo ni zito kuliko suala la mbio.

Kijana_wa_Sakina:
Kaka, nakuheshimu ila hapo sikubali. Mechi mbili na Inter ya Italia, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2025, walifungwa mabao saba. Penalti ya Çalhanoğlu wa Inter kule San Siro, uwanjani kwao, ilitokana na Cubarsí kuteleza chini kumfuata straika wao Lautaro ndani ya boksi. Ukiwa na beki kama huyu, shuka mita kumi, mwache asome mchezo. Kusoma mchezo ndiko anakowazidi wengine wa umri wake.

Namba5_Mstaafu:
Ukishusha mita kumi, zile pasi zake zinazopita katikati ya viungo zinaanzia mbali, na mpinzani anapata muda wa kujipanga. Cubarsí amelelewa La Masia, shule ya soka ya Barcelona, apige pasi hizo akiwa juu. Mimi ningemwacha palepale, nimpe jirani mwenye mbio na mdomo. Na kati ya yale mabao saba, mengine yalitoka kwenye kona na krosi, mabeki wakiwa tayari golini kwao. Yale usiyahesabu kwenye kupanda.

Mwalimu_Pasua:
Marahaba, nimekuelewa. La mdomo limenigusa, maana dogo wangu ni mkimya mno, hata mpira wa kona anasubiri kipa ndiye apige kelele.

Ila mniongezee kitu. Hispania kuna mitambo inayopima kuotea. Huku kwetu mshika kibendera mara nyingi ni mtu aliyeombwa asubuhi hiyohiyo, anachelewa kunyanyua, au anasimama sambamba na mpira badala ya beki wa mwisho. Mabeki wangu wakipanda vizuri na kibendera kikabaki chini, ni bao.

Namba5_Mstaafu:
Basi dogo wako usimfundishe kutega mtego wa kuotea. Mfundishe kupanda pale tu mpinzani anaporudisha mpira nyuma au anapoupokea akiwa amegeukia goli lake, na mpira ukipigwa mrefu ageuke mapema, asinyooshe mkono kumlalamikia mwamuzi. Winga wako wa kulia ndiye abane mpigaji. Jumamosi mnacheza na nani?

Mwalimu_Pasua:
Vijana wa Majengo. Wana straika anakimbia hatari. Nitampanga dogo na beki wangu wa kushoto aingie kati, yule anaongea muda wote.