Nimepandikizwa figo, ofisini barakoa navaa peke yangu, nifanyeje?

Wakuu habari za asubuhi. Mimi ni mhasibu msaidizi kwa wasambazaji wa vinywaji hapa Dar. Mwaka 2018 dada yangu alinipa figo yake moja na namshukuru Mungu niko poa, ila asubuhi na usiku nameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae hiyo figo. Sasa na hili wimbi la tatu la corona la 2021, ofisini chumba kimoja tuko saba, madirisha yamefungwa kisa kiyoyozi, madereva wakileta hela za mauzo wanakohoa hapohapo mezani kwangu, mimi na barakoa yangu washanipa jina la Dokta. Ndoo ya kunawa ipo mlangoni, maji yapo, sabuni iliisha tangu Idi. Nikamwomba meneja nifanyie kazi home, akasema kama unaumwa chukua likizo bila malipo. Nina mke na watoto wawili. Na sitaki ofisi nzima ijue mambo ya figo.

chalii_wa_Ngarenaro
Piga nyungu mkuu, malimao, tangawizi na mchaichai, corona inakuogopa yenyewe 😂

nesi_mstaafu
We chalii tulia. Mdogo wangu usimsikilize, dawa zako hizo zinagombana na vitu vingi, hata balungi tu linaweza kupandisha tacrolimus, moja ya dawa za kushusha kinga, kwenye damu, kwahiyo mitishamba yoyote uliza kliniki kwanza. Kiyoyozi cha ukutani mara nyingi kinazungusha hewa ileile mnayopumuliana, bora dirisha wazi na jasho. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta N95 inayobana pua. Na chanjo ya corona iliyozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, hii ya Janssen, haina kirusi cha kuzaliana mwilini, ongea na daktari wako uchome. Ila kwa mtu wa dawa zako mwili unaweza kuitikia kidogo, usije ukachoma ukatupa barakoa. Mkeo naye achome.

mzee_wa_mikataba
Likizo bila malipo usisaini! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, mradi uwe na cheti cha daktari. Lakini we hujaumwa bado, usizile bure. Omba daktari akuandikie barua iseme tu kinga yako iko chini na usikae chumba kisicho na hewa, jina la ugonjwa si lazima. Peleka kwa maandishi, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikufukuza una siku 30 za kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

mama_Tandika
Barua ikisema kinga iko chini watasema ana ngoma, yaani UKIMWI, subirini muone.

mleta uzi
Mrejesho. Mama Tandika umenena, meneja kasoma barua mara mbili akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini, "ni ule ugonjwa wetu?" Nikamwambia hapana bosi, na hata ungekuwa wenyewe, barua ingekuwa hiihii. Akakaa kimya wee. Work from home kagoma, ila meza nimehamia dirishani upande wa stoo, na hela za madereva zinapokelewa nje kwenye kidirisha. Sabuni nimenunua mwenyewe, hiyo nimechoka kuisubiri. Chanjo nina miadi Alhamisi.