Tupeane uzoefu: uamuzi gani wa halmashauri ulikufika mlangoni bila kupiga hodi?

Mti wa Kona (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Humu tunabishana siasa za juu mpaka usiku wa manane, lakini mbwa wako, uwanja anaochezea mwanao na gereji iliyofunguliwa ukuta kwa ukuta na chumba chako cha kulala, vyote vimeamuliwa na watu wachache kwenye kikao cha alasiri moja, na pengine hata sura zao huzijui. Nataka visa vyetu wenyewe: kilichokupata, ulichofanya, kilivyoishia. Majina ya watu na ya ofisi tuyaache, hatutafuti kesi.

Naanza mimi.

Nyuma ya mtaa wetu kuna uwanja. Si uwanja wa kujivunia, una kichuguu upande mmoja na magoli yake ni miti miwili miwili isiyolingana urefu. Siku moja nilikwenda halmashauri kufuatilia kibali cha kujenga uzio, nikaambiwa nisubiri koridoni. Pale koridoni kuna kabati la kioo la matangazo, limefungwa kwa kufuli. Karatasi zimepauka, pini zimeota kutu, na karatasi moja ilikuwa inaning'inia kwa pini moja, ikabidi nipinde shingo kuisoma. "Kusudio la kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka eneo la wazi kuwa makazi na biashara." Namba ya kitalu haikuniambia kitu, ila mpaka wa kaskazini uliotajwa ni mfereji ninaouruka kila asubuhi. Mwenye pingamizi alilete ndani ya siku 30. Nikahesabu kwa vidole: zimebaki 4.

Kwa usiku mbili tulikusanya saini zaidi ya 200. Nikazipeleka kifua mbele. Mama wa dirishani akafunua kurasa taratibu, akaniuliza, "Pingamizi liko wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Hili ni lalamiko, baba. Hawa wamesaini kwamba wamechukia. Pingamizi linasema uamuzi una kasoro gani."

Nilitoka pale nimefura. Njiani ndipo nikagundua kwamba yule mama alikuwa ananisaidia. Siku mbili zilizobaki tulipima: umbali kutoka shuleni hadi uwanja mwingine wowote, idadi ya nyumba zinazoutegemea, na maji ya mvua yanakoelekea. Hilo la mwisho ndilo lililowabana, maana uwanja ule ndio unaomeza maji ya mtaa mzima. Ukiujengea, maji yatatafuta sebule za watu. Ombi likarudishwa "kwa uchunguzi zaidi". Mpaka leo linachunguzwa, na kichuguu kipo.

Haya, nani anafuata?

Soksi Moja

Kabati la kioo lenye kufuli 😂 Nilidhani ni la kwetu peke yetu. La kwetu lina mjusi anaishi ndani, ndiye pekee anayesoma matangazo.

Daktari wa Kwato

Mimi si daktari, ni msaidizi wa mifugo, jina la utani tu. Nitaeleza la mbwa, na sitajitoa kwenye lawama.

Mtoto aling'atwa. Wiki iliyofuata likatoka agizo kwamba mbwa wote wanaozurura wauawe, na sisi wa idara ndio tukapewa kazi. Tulitega sumu usiku, alfajiri tukapita na mkokoteni kuokota. Miezi miwili kabla yake tulikuwa tumechanja mtaa uleule, kila mbwa aliyechanjwa tukamvisha mkanda mwekundu wa plastiki shingoni. Asubuhi ile nilikaa kuhesabu mikanda. Tuliowaokota wengi walikuwa wetu, wenye kinga. Na haikuwa ajabu: mbwa aliyezoea watu ndiye anayelala barabarani bila wasiwasi na kula anachokikuta. Yule mkali wa kujificha aliponea.

Baada ya muda mfupi jalala lilijaa mbwa wapya kutoka mitaa jirani, kwa sababu chakula kilikuwa palepale na wenyeji wake tulishawaondoa. Hawa wapya hakuna hata mmoja aliyekuwa na chanjo. Tuliporudi kuchanja, watu walifunga milango. Bibi mmoja aliniambia kupitia dirishani, "Mara hii mmekuja na sindano au na nyama?"

Kinachozuia kichaa cha mbwa kinajulikana. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi hukatika, na karibu visa vyote vya binadamu, kama asilimia 99, vinatokana na mbwa. Kuua ovyo kunakurudisha nyuma, kwa sababu kila mbwa mwenye kinga unayemuua anashusha ile asilimia.

Kilichobadilisha mambo kwetu ni ratiba ya kuzoa taka. Diwani mmoja alisimama akasema tuache kujadili mbwa, tujadili jalala. Taka zikaanza kuondolewa kwa wakati, na chanjo tukaipeleka siku ambazo shule zimefunga. Mbwa hawaletwi na wazee, wanaletwa na watoto, wamefungwa kwa kipande cha kanga au waya wa umeme, watoto watatu wanavuta mbwa mmoja. Siku ya kwanza tulichanja hadi dozi zikatuishia.

Mama Pacha

Daktari, nimekusoma kwa heshima, lakini mimi ndiye mama wa yule mtoto. Si yule wa kwenu, wa kwetu. Mwanangu aling'atwa pajani akitoka dukani. Wakati ule ungeniletea habari za asilimia 70 ningekufukuza. Nilitaka mbwa wote wafe, na nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kusema hivyo hivyo. Maagizo kama hayo yanatokana na watu kama mimi, si na roho mbaya ya ofisi.

Ninachoilaumu halmashauri ni kwamba kituo cha afya hakikuwa na chanjo ya binadamu, nikahangaika vituo vitatu. Hilo ndilo walilopaswa kuliamua siku ile.

Daktari wa Kwato

Dada, pole sana, na una haki. Kwa wanaosoma: uking'atwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kachanjwe siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza ni karibu kila mara kifo.

Nyumba ya Pembeni

Naona wote humu ni wapinzani. Mimi ndiye niliyepingwa.

Niliomba kubadilisha nyumba yangu ya kuishi iwe na duka mbele. Majirani 9 wakaleta pingamizi. Nilikasirika, nikasema ni wivu. Afisa mipango miji akatuita wote tukae meza moja, na ndipo nikawasikia: hakuna aliyekataa duka. Walichokuwa wanakihofia ni magari kuziba njia, muziki, na wateja kujisaidia kwenye ukuta wa jirani. Nikakubali kufunga saa mbili usiku, kutoweka spika nje, na kujenga choo cha wateja. Wakafuta pingamizi.

Mtego ukawa kwamba nilidhani ni maneno ya kupatana tu. Kumbe yaliandikwa kwenye kibali kama masharti. Mwaka wa pili nikaweka spika kidogo tu siku ya sikukuu, jirani yangu wa kulia akaja na nakala ya kibali, sharti la 4 limepigiwa mstari kwa kalamu ya kijani. Nakala yangu mwenyewe sikuwa nikijua iko wapi.

Soksi Moja

Kalamu ya kijani! Huyo jirani usicheze naye.

Karani Mstaafu

Nimeandika mihutasari ya vikao kwa miaka mingi, sasa nimepumzika. Naomba niwasaidie jambo moja ambalo vijana hamlijui.

Mnakuja na mabango siku ya baraza kuu. Siku hiyo mmekuja matangani, mgonjwa alishakufa kamatini. Kamati ya mipango ndiyo inayokaa na michoro, inayouliza maswali, inayobadili maneno. Baraza likikutana lina mafungu ya karatasi, madiwani wengine hawajafungua viambatisho, mwenyekiti anauliza "mmeridhia?" na watu wanagonga meza. Ukitaka kusikika, ulizia ratiba ya kamati, na barua yako ifike kabla makabrasha hayajafungwa. Barua ikija baada ya hapo inasomwa kama "mengineyo".

Tena barua igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Nimeona mashauri mazuri yakifa kwa sababu mtu aliiacha barua mezani kwa mlinzi.

Kisa. Kulikuwa na mjumbe mmoja ambaye kila kiwanja fulani kilipotajwa simu yake iliita. Anatoka, jambo linapita, anarudi. Sheria za vikao vingi zinamtaka mwenye maslahi atamke wazi na asishiriki, na yeye hakutamka. Mimi sina mamlaka ya kumuuliza mjumbe. Lakini nina kalamu. Nikaanza kuandika: "Mh. Mjumbe alitoka ukumbini saa 9:12, alirejea saa 9:31." Kikao cha tatu, mkaguzi aliposoma mihutasari, akaweka dakika zile kando ya orodha ya viwanja. Sikusema neno hata moja, na wala sikuulizwa.

Paka wa Uani

Mzee wangu Karani, shikamoo. Hiyo ya saa 9:12 nimeisoma mara tatu.

Mimi nina neno kuhusu bustani, kwa sababu watu wakisikia "bustani" wanadhani hakuna anayeumia. Eneo lililokuwa njia ya mama zetu kwenda kliniki lilizungushiwa uzio wa vyuma, likapandwa nyasi, likapewa geti upande wa barabara kubwa na saa za kufungwa. Ramani ilipendeza. Ila kliniki iko upande wa pili, na kuzunguka ni mwendo wa nusu saa ukiwa na mimba.

Wiki ya kwanza, chuma kimoja kilikunjwa. Mafundi wakakichomelea. Kikakunjwa tena, palepale, pembeni ya mti uleule. Wakachomelea mara ya tatu wakaongeza bamba. Bamba likang'olewa. Hakuna aliyeitisha mkutano wala kuandika hiyo barua yenu ya pingamizi. Mwishowe wakaja na vipimo, wakaweka geti dogo mahali palipokunjwa, na njia ya mawe ikafuata unyayo uliokuwa umeshachorwa kwenye nyasi. Sasa hivi geti lile linatumika kuliko lile kubwa.

Na si kwetu tu. Central Park ya New York, inayosifiwa dunia nzima, ilikuta watu wanaishi pale. Kijiji cha Seneca Village kilikuwa na wakazi zaidi ya 200, wengi wao weusi, wengine wakimiliki nyumba na viwanja vyao, wakiwa na makanisa na shule. Kufikia 1857 walikuwa wameondolewa wote kupisha bustani.

Mti wa Kona

Kweli kabisa, ingawa upo upande wa pili pia. Mwaka 1989 Wangari Maathai aliposikia kwamba ndani ya Uhuru Park, Nairobi, linataka kujengwa jengo la ghorofa 60, hakuanza na maandamano. Alianza na barua, ofisi moja baada ya nyingine, akiuliza maswali. Alitukanwa hadi bungeni, lakini mradi ulikufa na bustani ipo. Mama wa dirishani angempenda.

Fundi Rula

Mimi ni mchora ramani na nimeibiwa kama mtu yeyote, kwa hiyo msicheke. Nilinunua kiwanja kwa kuangalia mchoro mimi mwenyewe. Kulikuwa na mstari wa vidoti ukipita kwenye kona. Nikajua ni mpaka wa zamani. Ulikuwa hifadhi ya barabara. Ufunguo wa alama ulikuwa kwenye karatasi ya pili, na muuzaji alinipa ya kwanza tu. Siku hizi mtu akiniletea mchoro, kabla sijauangalia namuuliza karatasi ziko ngapi.

Mti wa Kona

Fundi, usiondoke. Baada ya kuwasoma nyote, leo mchana nilipita tena pale koridoni. Kuna karatasi mpya ndani ya kioo, imebandikwa juu ya ile ya zamani. Nimeipiga picha lakini mwanga umerudi kwenye kioo, nusu haisomeki. Kinachoonekana ni "marekebisho ya mchoro", mfereji uleule, na chini kabisa "karatasi 1 kati ya 3". Mbili nyingine hazipo kabatini.

Mzee Karani, kamati inakaa lini? Kesho dirisha likifunguliwa nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.