Tupeane uzoefu: kuwapa vifaranga wadudu hai bila kuwadhuru

Mfugaji wa Kongwa

Wakuu, habari za kazi. Chakula cha dukani kimetubana, wengi huku tumerudi kwenye mchwa, na naona wafugaji wapya wanamwaga wadudu ndani ya bruda, lile boksi la joto la kulelea vifaranga bila mama, kwa hoja moja tu: kuku wa bibi walikula na wakakua. Naomba kila mtu aseme alichokiona kwenye banda lake au la jirani. Yale ya kusikia tuyaache.

Naanza. Kifaranga anayetembea na mama yake analindwa. Mwangalieni tetea akikamata panzi: anamgonga chini, anamrarua, anaita kwa ile sauti ya haraka haraka, kisha anaacha kipande ambacho mtoto anaweza kukimeza. Kifaranga wa bruda hana wa kumfanyia hayo. Ukimtupia panzi mzima anakimbia naye, wenzake wanamfukuza, na yeye anammeza kwa pupa ili asinyang'anywe. Hapo ndipo wanapokabwa. Kwa hiyo mimi nafanya kazi ya tetea: nachagua, nakata, natoa kidogo.

Mchwa nawatega kienyeji. Nachukua chungu kibovu, nakijaza mabua ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe, nanyunyizia maji, halafu nakifudikiza juu ya njia ya mchwa niliyoifukua. Juu naweka gunia na majani jua lisipenye. Nikitega jioni, alfajiri navuna. Ukichelewa mpaka jua likawaka wanarudi chini, unakuta mabua matupu. Kabla ya kuwapa wadogo nawamwaga kwenye ungo nawachambua. Askari wa mchwa, wale wa vichwa vikubwa vyekundu, wanauma na kung'ang'ania. Nimewahi kumkuta mmoja ameshika ulimi wa kifaranga. Hao wanaenda kwa kuku wakubwa. Wale weupe laini ndio wa bruda.

Na kichuguu kilicho karibu na nyumba mpya sikigusi hata kiwe kimejaa vipi. Mafundi humwaga dawa ya mchwa kwenye msingi, na huwezi kujua mchwa gani amepita humo.

Karibuni.

Mama Vifaranga, Kibaha

Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi nasisitiza mchanga, maana watu wengi wanausahau. Kuku hana meno, anasaga kwa firigisi, na firigisi inahitaji vijiwe. Vifaranga wakila chakula laini cha dukani peke yake wanaweza kwenda bila mchanga. Ukishaanza kuwapa panzi au funza wenye ngozi, lazima uwawekee. Kifaranga wa nje anaokota mwenyewe ardhini, wa bruda amelala juu ya maranda, ataokota nini?

Nachukua mchanga wa mtoni wenye chembe ndogo, nauosha mpaka maji yatoke safi, nauanika, nauweka kwenye kisahani pembeni ya chakula siku moja kabla ya kuwapa mdudu wa kwanza. Mdogo anayekula wadudu bila mchanga utamkuta kifuko cha shingoni kimevimba asubuhi wakati alitakiwa aamke nacho kitupu. Nawapapasa kila asubuhi kabla ya kuwalisha.

Wiki ya kwanza siwapi mdudu wa aina yoyote. Wakati huo wanahitaji joto, maji na stata (chakula cha dukani cha kuanzia vifaranga) basi, wajifunze kwanza chakula chao ni kipi.

Kuku wa Kitui

Hamjambo wenzangu. Nitaeleza la jirani yangu. Kiangazi kimoja mbuzi wake alikufa, akatupwa nyuma ya boma badala ya kuzikwa. Mzoga ukajaa funza, kuku wakashinda hapo wakila. Siku iliyofuata shingo zilikuwa zimelala chini, mabawa yameanguka, miguu haiwabebi. Vifaranga ndio walioisha kwanza. Watu wakasema ni Newcastle, chanjo ikalaumiwa. Lakini kuku wangu, ua wa pili, chanjo ile ile siku ile ile, walikuwa wazima. Tofauti ilikuwa ule mzoga.

Daktari aliyeko hapa atuelezee.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Ndugu wa Kitui, dalili hizo zinaelekea kwenye sumu ya botulizimu. Bakteria wake huzaliana ndani ya mzoga unaooza, mahali pasipo na hewa, na kutoa sumu. Funza wanaibeba sumu hiyo mwilini bila wenyewe kudhurika. Kuku akila funza wachache tu wa aina hiyo misuli inalegea, kuanzia miguuni hadi shingoni, akili yake ikiwa bado nzima. Akishindwa kupumua anakufa. Kideri, yaani hiyo Newcastle, mara nyingi huja na kuhema kwa shida, kuhara kijani na shingo inayojipinda. Shingo iliyolegea kabisa na shingo iliyopinda ni vitu viwili tofauti, ingawa wa kuthibitisha ni daktari wa eneo lako. Mzoga choma au zika kwa kina, wahamishe walio wazima, wape maji safi. Funza wa mzoga, wa panya aliyekufa au wa kuku aliyekufa, hafai kwa ndege wa umri wowote.

Niongeze jambo ambalo halionekani kwa macho. Tegu wa kuku hawaambukizwi moja kwa moja kutoka kuku hadi kuku. Wanapitia kwa sisimizi, mbawakawa na nzi wa nyumbani waliokula mayai yao kwenye kinyesi. Nyungunyungu nao hubeba viluwiluwi vya minyoo ya koo la hewa, na kifaranga mwenye minyoo hiyo hutanua mdomo na kunyoosha shingo akitafuta pumzi. Kwa hiyo mdudu aliyeokotwa kwenye mbolea ya banda lako ana hatari kuliko aliyetoka mahali ambapo kuku hawajawahi kufika. Wenye bata mzinga, nyungunyungu msiwape kabisa vifaranga wao, maana hubeba ugonjwa wa ini unaowamaliza bata mzinga huku kuku wa kawaida wakibaki wamesimama.

Mgeni wa bruda

Shikamoo daktari. Nimeambiwa funza akiliwa hai anatoboa tumbo la kifaranga na kutoka nje. Ni kweli? Nina vifaranga wa wiki mbili na naogopa.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Marahaba. Hapana, hatoboi. Firigisi inamponda na tindikali inamaliza kazi. Angalia mambo mawili: ukubwa wake, na yeye mwenyewe alikula nini kabla hajaliwa.

Mzalisha funza, Kiambu

Hapo daktari amenigusa, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nazalisha funza wa BSF, wale wa nzi askari mweusi. Nzi mwenyewe akishakomaa hali, hatui kwenye chakula mezani, kazi yake ni kupandana na kutaga. Ndiyo maana si wa kumlinganisha na nzi wa chooni. ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, wamewafanyia utafiti mwingi, na Kenya ina viwango rasmi vya wadudu wakavu wa kulishia mifugo tangu 2017.

Ila funza ni kile alichokula. Waliolelewa kwa maganda ya matunda, mabaki ya mboga na machicha ya pombe nawapa vifaranga. Waliolelewa kwa kinyesi siwauzii mtu mwenye vifaranga, hata akibembeleza. Kabla ya kuwapa wadogo nawatoa kwenye chakula chao, nawaweka kwenye beseni kavu lenye pumba usiku kucha wamalize kilichomo tumboni, asubuhi nawaosha, nawamwagia maji yanayochemka, nawachuja, nawakata. Najua mada inasema wadudu hai, lakini kwa kifaranga wa chini ya wiki tatu nawapa waliokwisha kufa na sioni alichokosa. Wachague wakiwa bado rangi ya maziwa. Akishakuwa mweusi ngozi imekomaa, huyo mpe kuku mkubwa.

Na wasiwe ndio mlo. Wana mafuta mengi, kifaranga akizoea anaiacha stata yenye vitamini na dawa za kumkinga na kuhara damu. Mimi sizidishi fungu moja kati ya kumi ya chakula cha siku, na natoa mchana baada ya kula, si wakiwa na njaa.

Mkulima wa Mbozi

Sisi wa mahindi tunao viwavijeshi vamizi tangu 2017, na kuku wanawapenda mno. Watoto wanawaokota kwenye majani machanga ya mahindi asubuhi, tunawakatakata. Sharti letu ni moja: shamba likipigwa dawa, hata la jirani wa upande wa upepo, zoezi linasimama mpaka msimu uishe. Vile vile panzi wenye rangi kali za manjano na nyeusi wanaokaa kwenye mihogo hatuwapi. Kuku wetu wakubwa wenyewe huwaacha.

Mhaya wa Bukoba

Huku msimu wa senene vifaranga wanapata mabaki. Jamani, mabawa na miguu msiwape. Miguu ya nyuma ina miiba midogo kama msumeno na inakwama kooni. Wapeni viwiliwili vilivyokatwa, na senene walionaswa kwa taa usiku wa mvua muwachambue kwanza, huwa wamechanganyika na mbawakawa wagumu.

Mama Vifaranga, Kibaha

Kaka wa Kongwa, na siafu umewahi kukutana nao? Nauliza kwa sababu mabaki ya wadudu yanawaita.

Mfugaji wa Kongwa

Dada, huku kwetu kukavu ni wachache, lakini ndugu yangu wa Rungwe walimfilisi kwa usiku mmoja, vifaranga wote. Tangu hapo miguu ya bruda yake imesimama ndani ya makopo yenye oili chafu, na pembeni ya banda anazungushia majivu, anayarudishia kila mvua inaponyesha. Mimi wadudu nawatoa kwenye sahani pana, siwamwagi kwenye maranda. Baada ya robo saa natoa kilichobaki, hata kama bado wanadonoa, na maranda yaliyolowa nayabadilisha jioni hiyo hiyo.