Gitaa moja la Mwenda wa Bayeke linasikikaje kama mawili?

Mpiga Roki wa Katuba:
Wapenzi wa muziki, salamu. Ninapiga gitaa la umeme katika kikundi kidogo cha roki hapa Lubumbashi, na tangu mwaka jana ninajifunza wimbo "Masanga" wa hayati Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, lakini bado unanishinda. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, Mwenda alikuwa kijana aliyezaliwa mwaka 1930, mwenye gitaa kavu moja, yaani lisilo la umeme, bila okestra yoyote nyuma yake. Hata hivyo, kila nikifumba macho ninasikia watu wawili wakipiga. Anafanyaje? Na kwa nini fundi wa kiwango hiki hatajwi na vijana wenzangu?

Fundi wa Nyuzi, Kamalondo:
Mdogo wangu, kazi yote inafanywa na vidole viwili vya mkono wa kulia. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene za sauti ya chini bila kusimama, na kidole cha shahada kinachuna sauti ya juu kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi kikiangukia katikati ya mapigo ya gumba, si juu yake. Hapo ndipo sikio linapodanganyika. Ninyi wa roki mmezoea kushika kipande cha plastiki na kuzikwangua nyuzi zote kwa pamoja. Kiweke mezani kwanza. Acha gumba litembee peke yake mpaka uweze kuitikia salamu ya mtu anayepita mlangoni bila kulipoteza, ndipo uiruhusu shahada iingie, noti moja tu, kisha ya pili. Mimi nilikaa kwenye noti ya kwanza wiki nzima, na sijutii hata siku moja.

Mama wa Ruashi:
Mwanangu, nikujibu lile swali lako la pili, maana linaniuma. Mwenda, mtoto wa Bunkeya, aliimba kwa Kiswahili chetu cha Katanga, peke yake na gitaa lake, ilhali okestra kubwa za Kinshasa ziliimba kwa Kilingala na ndizo zilizotawala redio kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu jina lake lilififia hapa nyumbani. Huko nje halikufifia. Santuri zake za kampuni ya Gallotone zilifika Afrika Mashariki, wapiga gitaa wa Kenya wakaiga vidole vyake, na mwaka 1969 alipanda jukwaani katika tamasha la muziki la Newport, Marekani. Marehemu baba yangu alikuwa na santuri yake moja, imechakaa hata inakwaruza, na hakuruhusu mtoto yeyote aiguse. Aliitoa kwenye karatasi yake kwa kuishika pembeni kwa viganja viwili, kama mtu anayebeba sahani ya mchuzi uliojaa.

Mpiga Roki wa Katuba:
Asante sana, Mama, nawe Yaya Fundi. Jana usiku nilizima amplifaya, nikachukua gitaa kavu la jirani, nikaliachia gumba litembee. Lilizunguka mara nne kabla ya shahada kulivuruga. Wiki ijayo nitarudi hapa kueleza limefika wapi.