Mabonde na maziwa ya milimani kutoka Mombasa, siku tatu: twende wapi?

Makadara78
Assalaam aleikum wajuzi. Tuko sita, wakubwa wanne na watoto wawili, na gari ni Noah ya gia otomatiki. Likizo ya Agosti tuna siku tatu, na bahari tunaiona kila siku. Tunataka milima, mabonde ya kijani na ziwa moja au mawili. Tumetajiwa vilima vya Taita, ziwa Chala, ziwa Jipe, na wengine wanatusukuma hadi Lushoto kule Tanzania. Kipi kinaingia siku tatu bila kukimbizana? Na Chala watoto wanaweza kuogelea?

Dereva_wa_Bara
Waaleikum salaam. La kuogelea kwanza: hapana. Chala ni shimo la volkano lililojaa maji yanayopenya chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Kina chake kinapita mita 90, na hakuna ufuo wa kujizoeza. Hatua chache tu umeshapoteza ardhi. Na mamba wamo. Mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa na mamba humo. Atakayewaambia mamba wameisha, msimsikize.

Safari yenyewe ipangeni hivi: usiku wa kwanza Wundanyi, wa pili Taveta, siku ya tatu mrudi. Mombasa tokeni saa kumi na moja alfajiri, maana kuanzia Miritini hadi mizani ya Mariakani malori ya kontena yakishajipanga, mtatambaa. Hadi Voi ni kama kilomita 160. Jazeni mafuta hapo, mshike njia ya Mwatate, kisha mpande Wundanyi. Lami ipo, ila kona ni za kubana.

Chala mfike asubuhi. Mkiwa Taveta mnashika barabara ya Loitokitok, kama kilomita 10, mnaingia njia ya vumbi kushoto. Kabla ya saa tatu Kilimanjaro mara nyingi iko wazi. Baadaye wingu linaishukia na mtabaki kupiga picha ya ukungu. Rangi ya maji, buluu inayogeuka kijani, huonekana vizuri zaidi mkiwa juu ukingoni. Njia ya kushuka hadi majini ina changarawe inayoteleza, kandambili ziacheni garini. Mpaka wa Tanzania unapita katikati ya ziwa, kwa hiyo msizunguke ukingo mkajikuta nchi nyingine bila muhuri.

MwanaDawida
Wundanyi msiipite kama kituo cha kulala tu. Mabonde yenyewe ndiyo hapo: matuta ya kabichi na mboga yameshikana na mteremko, mifereji midogo inapita kati. Pandeni kuelekea Werugha, halafu msitu wa Ngangao, mchukue kiongozi mwenyeji. Ni kipande kidogo cha msitu wa asili kilichosalia, na vilima hivi vina ndege wasiopatikana pengine popote duniani. Mkiwa na nguvu, Vuria ni mita 2,208, ndicho kilele cha Taita.

Agosti ni baridi kwelikweli. Leteni masweta na makoti, kikoi hakitawafaa usiku. Ukungu wa asubuhi ukiwa mzito, washeni taa za chini, si kali, maana taa kali hurudishwa na ukungu machoni mwenu. Honi kila kona.

Kushuka ndiko kunakoharibu magari ya pwani. Mtu anaacha gia kwenye D na kukanyaga breki mfululizo hadi Mwatate. Tieni L au 2, injini ishike gari. Breki mkanyage, muachie, mkanyage tena. Mkinusa harufu kama ya kitambaa kilichoungua, au kanyagio likianza kuzama, breki zimepata moto kupita kiasi. Simameni pasipo mteremko, jiwe mbele ya gurudumu, ngojeni nusu saa. Msimwagie maji diski ikiwa moto, itapinda.

Makadara78
Ahsanteni sana. Jipe Noah itafika? Na Lushoto mbona hamuigusi?

Dereva_wa_Bara
Jipe kukiwa kukavu yawezekana, ila mvua ikinyesha hata kidogo udongo wa huko unanata na gari la chini linakaa. Ulizeni Taveta asubuhi hiyohiyo. Ziwa ni kinyume cha Chala: kina hakizidi mita 3, pembeni limezibwa na matete, na viboko ni wengi. Mtumbwi mkodishe kwa mvuvi mwenyeji, jua likianza kulala, likishukia nyuma ya milima ya Pare. Upande wa mbugani ni Tsavo Magharibi, na ada hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali; lipeni mapema kabla mtandao haujapotea. Kati ya Maktau na Taveta barabara inakata mbuga, na ndovu huvuka. Usiku msiipite.

Horohoro_Njiani
Lushoto ni pazuri, lakini siku tatu zitaliwa na barabara na mpaka: Likoni, Lunga Lunga, Tanga, Muheza, Mombo, kisha mwinuko wa kilomita 33. Kitambulisho cha Kenya hakitoshi Tanzania. Ni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kadi ya homa ya manjano huulizwa, na chanjo huhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo msichome wiki ya safari. Gari linataka logbuku halisi na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mpaka, na likiwa la mtu mwingine, barua yake. Mkipata siku tano, njooni tuizungumze.